Namba Hii Imetoka Wapi?

Paukwa! Mmeitika vizuri, wanangu, basi sogeeni. Leo nina hadithi ya mistari michache ya msimbo, na ya dada mmoja aliyekataa kuipitisha kwa haraka.

Iko hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Asili yake ni Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, ambako mwaka 1986 Michael Stonebraker na wenzake walianza mradi wa POSTGRES. Hutunza majina, bei na tarehe bila shida, lakini ukiiuliza kama nyumba fulani imo ndani ya bonde linalofurika, huhitaji msaidizi. Msaidizi huyo ni PostGIS, iliyotoka Kanada mwaka 2001. Msidhani iko mbali nanyi. Mitaa na mitaro ya Dar es Salaam ambayo wanafunzi na wakazi waliichora kwenye mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, iliingizwa OpenStreetMap, na ramani ya kawaida ya OpenStreetMap huchorwa kutokana na data iliyomo ndani ya PostGIS.

Ila PostGIS haifanyi kila kitu yenyewe. Kujua kama barabara hii inakata mto ule ni kazi ya maktaba iitwayo GEOS. Kuhamisha mahali kutoka dunia ya mviringo hadi ramani bapa ni kazi ya PROJ. Ni kama daladala yenye bodi ya mwaka huu, injini ya mwaka juzi na gia boksi ya gari jingine: ikizimika njiani, fundi haulizi rangi, huuliza injini ni ipi.

Kwa PostGIS, swali hilo lina amri yake, postgis_full_version. Ukiiita, inakurudishia mstari mrefu wenye toleo la kila sehemu. Na matoleo si mapambo! PROJ ilipofikia toleo la 6, mwaka 2019, ilianza kufuata mpangilio rasmi wa kila mfumo wa majira ya nukta. Mifumo mingine hutanguliza latitudo, mingine longitudo. Programu iliyozoea mpangilio wa zamani ingeweza kuzigeuza namba hizo mbili. Dar es Salaam iko latitudo -6.8 na longitudo 39.3. Zigeuzeni, mtafute kwenye ramani: mtajikuta Uhispania, si mbali na mpaka wa Ureno.

Sasa tuseme kijana mmoja ameandika kiraka cha kuongeza toleo la GEOS kwenye ripoti hiyo ya matoleo. Kiraka ni faili linaloonyesha mistari inayoongezwa kwa alama ya kujumlisha na inayoondolewa kwa alama ya kutoa. Dada yetu ndiye mhakiki. Anakijaribu, namba inatokea: 3.11. Wengi wangeishia hapo. Yeye anauliza, namba hii imetoka wapi?

Anaifuatilia mstari kwa mstari, anagundua kwamba iliandikwa ndani ya programu siku programu ilipojengwa. Kesho msimamizi wa seva akiweka GEOS 3.12 bila kuijenga PostGIS upya, ripoti itaendelea kusema 3.11. Anayetafuta chanzo cha kosa atapekua mahali pasipo na kitu, usiku kucha, kwa sababu ameamini ripoti. Mimi naona hilo ni baya kuliko kukosa ripoti kabisa.

Anaendelea kusoma. Kijana amelinganisha matoleo kama maandishi. Kwa maandishi, 3.10 hutangulia 3.9, kwani 1 iko kabla ya 9. Lakini GEOS 3.9 ilitoka 2020, na 3.10 ikafuata 2021. Kila kipande kati ya nukta lazima kisomwe kama namba yake.

Anaandika: “Mdogo wangu, kazi yako inahitajika sana. Naomba iulize GEOS yenyewe inapoitwa, kisha uonyeshe pia toleo lililotumika wakati wa ujenzi. Na ripoti isianguke sehemu moja ikiwa ya zamani. Watu huiita hasa mambo yanapoharibika.”

PostGIS ya kweli inafanya hivyo. Maktaba ikiwa mpya na amri zilizomo ndani ya hifadhidata zikiwa za zamani, ripoti bado hutoka, ikieleza kwamba zinahitaji kupandishwa toleo. Na tangu toleo la 3.4, la mwaka 2023, ipo amri ya pekee ya kuuliza PostGIS ilijengwa kwa GEOS ipi.

“Sawa, dada,” kijana akajibu, akarekebisha. Mhakiki akabadilisha GEOS kwenye kompyuta yake makusudi, asiijenge PostGIS upya, akaita ripoti. Inayotumika: 3.12. Ya wakati wa ujenzi: 3.11. Akakipitisha kiraka.