Mvumilivu Hula Mbivu: Kitindamlo cha Moto Bila Kijiko cha Sukari

NYUMBANI kwetu tuna mtoto wa miaka sita ambaye haachi jambo lipite bila kuuliza. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alimwona babu yake akisukuma kiti na kutoka nje, kama alivyozoea kila mara tulipoleta bakuli la kitindamlo. Mtoto akamfuata hadi mlangoni.

"Babu, mbona wewe hupewi? Umefanya makosa gani?"

Baba yangu alicheka, akamshika mkono wakatoka naye. Sisi tuliobaki mezani hatukucheka.

Baba aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari miaka miwili kabla ya siku hiyo. Tangu hapo tulikuwa tumejitahidi. Chai yake haikutiwa sukari, sima yake ilipunguzwa na mboga zikaongezwa. Lakini kile kitamu cha kumalizia mlo wa Jumapili hatukukigusa. Tuliona ni haki ya watoto. Mzee alikatiwa kipande cha papai baridi kwenye kisahani chake peke yake, na kuna siku tulisahau hata hicho. Bila kukusudia tulikuwa tumemtenga mzee kwenye meza ya familia yake.

Huenda hata kwako, msomaji, yuko mtu wa namna hiyo: mama, shangazi, au mume aliyeambiwa na daktari apunguze uzito. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya sufuria moja ambayo jamii nzima inaweza kuchota kwayo. Chakula chenyewe ni ndizi mbivu za nazi, zinazopikwa bila kuongezwa sukari hata chembe.

TUANZE NA HESABU

Ndizi mbivu za nazi si chakula kigeni. Watu wa Pwani wamezipika tangu jadi, hasa wakati wa futari mwezi wa Ramadhani. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumezoea kumimina sukari humo bila kupima.

Chukua nusu kikombe cha sukari. Hiyo ni takriban gramu 100, yaani vijiko 25 vya chai. Gawanya kwa watu sita na utaona kila mmoja anapata vijiko vinne na zaidi, mbali na utamu wa ndizi zenyewe. Sasa kumbuka kwamba mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, au vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Ukinywa vikombe viwili vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja, ukamalizia na bakuli hilo la ndizi, tayari umevuka.

Usidanganyike pia na asali au sukari guru. Wako wanaosema, "Mimi situmii sukari, natumia asali." Katika hesabu ya shirika hilo, asali na hata maji ya matunda yaliyokamuliwa huhesabiwa pamoja na sukari ya kuongezwa. Kisichohesabiwa humo ni utamu uliomo ndani ya tunda zima, ambalo huliwa pamoja na nyuzinyuzi zake.

TULIVYOSHINDWA MARA YA KWANZA

Baada ya swali lile la mtoto, Jumapili iliyofuata tulijaribu. Nilinunua ndizi kubwa za manjano zinazong'aa, nikazipika kwa tui bila sukari. Msomaji, sitakuficha: hazikulika. Zilikuwa ngumu, tena chapwa. Mtoto aliusukuma mkono wangu, na Baba kwa heshima tu alikula kipande kimoja akasema ameshiba.

Jirani yetu, mama wa makamo mzaliwa wa Lamu, alipopita jioni nilimwonjesha. Alitafuna kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani amekwambia ndizi hizi zimeiva?"

Nilimwambia zilikuwa za manjano.

"Manjano ni rangi tu," akasema. "Ndizi ya kupikwa bila sukari huingojea mpaka ganda lifanye madoa meusi, mpaka mwenye duka aone haya kuiuza. Nyinyi watu wa Nairobi mnanunua asubuhi, mnapika mchana. Ndiyo maana mnahitaji sukari."

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu darasa la kwanza, lakini sikuwa nimelipeleka jikoni.

UTAMU HUTOKA WAPI?

Alichosema mama huyo kina maelezo ya kitaalamu. Ndizi mbichi imejaa wanga, ule ule unaopatikana katika viazi, na wanga hauna utamu. Kadiri ndizi inavyoiva, wanga huo hugeuka kuwa sukari. Kwa hiyo ndizi yenye madoa meusi ni tamu zaidi kuliko ile ya manjano safi, ingawa hakuna aliyeiongeza chochote.

Ukitaka kuziharakisha, zivundike. Zifunge ndani ya mfuko wa karatasi au uzifunike kwa gazeti kwenye kikapu, pamoja na tunda lililokwisha kuiva. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo huyaivisha mengine yaliyo karibu. Usizitie kwenye friji kabla hazijaiva, kwani baridi huzizuia.

Kuna siri nyingine tatu. Kwanza ni joto: ulimi huhisi utamu zaidi katika chakula chenye moto kuliko katika kile cha baridi. Ndiyo sababu aiskrimu iliyoyeyuka huonekana tamu kupita kiasi. Pili ni chumvi kidogo sana, ambayo huinua utamu. Tatu ni iliki na mdalasini. Viungo hivi havina sukari ya maana, lakini harufu yake tumeizoea kwenye vyakula vitamu, na pua ikinusa, ulimi husadiki.

MAHITAJI (watu sita)

Ndizi kubwa aina ya mkono wa tembo 3, zilizoiva hadi madoa meusi
Nazi kubwa 1, au tui la mkebe mililita 400
Iliki punje 5, zilizopondwa
Mdalasini kijiti 1
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili
Maji ya vuguvugu vikombe 2 na nusu

JINSI YA KUPIKA

1. Kuna nazi kwa mbuzi. Tia nusu kikombe cha maji, ukamue na kuchuja upate tui zito. Liweke kando. Tia vikombe viwili vilivyobaki kwenye machicha, ukamue tena upate tui jepesi. Ukitumia la mkebe, weka kando robo yake, na linalobaki ulichanganye na kikombe kimoja cha maji.

2. Menya ndizi. Pasua kila moja katikati kwa urefu na uondoe ule uzi mweusi wa ndani. Kata kila nusu vipande vitatu. Utapata vipande 18, yaani vitatu kwa kila mtu.

3. Vipange katika sufuria pana ili visilaliane sana. Mimina tui jepesi, tia mdalasini, iliki na chumvi.

4. Pika kwa moto wa wastani kwa muda wa dakika 15 hivi, bila kufunika kabisa. Usikoroge kwa mwiko, ndizi zitapondeka. Shika masikio ya sufuria uitikise polepole.

5. Ndizi zikilainika na tui likipungua, punguza moto na umimine tui zito. Liache lipate moto kwa dakika tano bila kutokota kwa nguvu, lisije likakatika.

6. Epua, subiri dakika kumi, kisha upakue zingali na moto. Dakika hizo kumi zina kazi: tui huwa zito na kuzishika ndizi vizuri.

Onja kabla ya kusema halina utamu. Na onja tena wiki ijayo, kwa sababu ulimi uliozoea sukari nyingi unahitaji muda kidogo kuzoea utamu wa tunda.

KWA MWANAFUNZI MWENYE STOVU MOJA

Wewe uliye chuoni na chumba chako ndicho jiko, usikate tamaa kwa kukosa nazi. Pitia kwa mama mboga jioni. Ndizi za kawaida zilizoanza kuwa nyeusi huuzwa kwa bei ya chini, kwa kuwa kesho hazitanunuliwa. Nunua mbili.

Zikate vipande vinene, uvitie kwenye sufuria ndogo pamoja na robo kikombe cha maji, matone machache ya ndimu na mdalasini wa unga kidogo. Pika dakika nne au tano tu, maana ndizi hizi hulainika upesi kuliko mkono wa tembo. Nyunyizia njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa. Ni chakula cha shilingi chache, na kinaweza kuwa kiamshakinywa siku ya mtihani.

MATUNDA MENGINE

Embe nalo huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo msimu wake ukifika waweza kulisubiri kama ndizi. Nanasi ni tofauti. Halina wanga wa kugeuka kuwa sukari, hivyo likishakatwa shambani haliongezeki utamu, hata ulikae nalo mwezi. Linaweza kulainika na kubadilika rangi, lakini ladha ni ile ile. Chagua sokoni kwa pua: nusa upande wa kitako, na kama halinukii, mwachie mwenyewe.

Ukilipata zuri, likate vipande, uyapike kwa maji yake yenyewe pamoja na tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika kumi. Funua, uache maji yakauke kidogo hadi vipande ving'ae.

Tende pia hutumiwa na wengi badala ya sukari. Si vibaya, ila ukumbuke kwamba tende iliyokauka ni sukari zaidi ya nusu ya uzito wake. Moja au mbili katika sufuria zima zatosha.

TAHADHARI KWA MWENYE KISUKARI

Hapa, msomaji, nakuomba usome polepole. Kule Pwani na Tanzania kuna ndizi ndogo tamu sana ziitwazo kisukari. Jina ni moja na la ugonjwa, na jambo hilo lifae kuwa ukumbusho: "bila sukari ya kuongeza" si sawa na "bila sukari". Ndizi moja ya kawaida ya wastani ina wanga na sukari takriban gramu 27 kwa jumla, na kadiri inavyoiva ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyokuwa sukari. Mwili wa mwenye kisukari huihesabu hiyo yote.

Kabla ya kumpa Baba bakuli lake, tulimweleza muuguzi wa kliniki anakohudhuria. Hakutukataza. Alituambia mambo matatu. Kipimo kihesabiwe kwa vipande, si kwa bakuli. Siku ambayo mzee atakula ndizi, sima au wali wa mchana upunguzwe. Na apime sukari ya damu kabla ya kula na saa mbili baadaye, ili ajue mwili wake mwenyewe unavyopokea, kwa kuwa miili haifanani. Kwa Baba walikubaliana vipande viwili. Kwa mgonjwa wako huenda ikawa kimoja, hasa ikiwa anatumia dawa au sindano ya insulini. Muulize anayemtibu, usinukuu gazeti.

Tui nalo lina mafuta mengi. Mwenye shida ya moyo au uzito apewe zilizopikwa kwa tui jepesi pekee.

JUMAPILI ILIYOFUATA

Mara ya pili nilinunua ndizi siku ya Jumatatu, nikazivundika juu ya kabati. Kufikia Alhamisi zilikuwa zimeanza madoa. Jumamosi mtoto alitaka kuzitupa akidhani zimeoza. Jumapili zilipopikwa, harufu ya iliki iliwafikisha watu mezani kabla hawajaitwa.

Tulipakua kutoka sufuria moja, katika bakuli zinazofanana. Baba alipotaka kuinuka kama kawaida yake, mtoto alimwekea bakuli mbele yake na kuhesabu kwa sauti, "Moja, mbili. Zako ni mbili tu, Babu, daktari amesema."

"Na zako?" Baba akamwuliza.

"Tatu."

"Basi kula polepole, unisubiri."

Mzee hakutoka nje siku hiyo. Alikaa mpaka bakuli zikaondolewa, na maongezi yakaendelea hadi saa kumi.

Haya basi, msomaji. Ndizi za Jumapili ijayo zinunuliwe kesho. Ukiziona zinakuwa nyeusi, usiwe na wasiwasi wala usizitupe. Zinakupikia sukari yako bure.