Gazi Hukaa Chini: Namna ya Kuifunga na Kuitunza Nyumbani



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja anayekaa upande wa Birere, hapa Goma, alisimama akasema: «Wamama, bwana wangu ameniletea resho ya gazi na chupa ya kilo 6. Leo ni siku ya tisa, vyote viko chini ya kitanda. Naogopa kuwasha. Nyumba yetu ni ya mbao. Je, hatukuingiza bomu ndani?»

Wachache walicheka, lakini wengi wetu tulinyamaza, kwani swali lake ni letu pia. Makala imepanda bei, watoto wanakohoa kwa moshi, na miti ya Parke ya Virunga, ambayo inalindwa tangu mwaka 1925, inaendelea kuingia katika mbabula zetu. Gazi inapika haraka na haichafui sufuria. Lakini tumesikia pia habari za nyumba zilizowaka, na katika mitaa yetu ya mbao moto hauishii kwa mtu mmoja.

Basi tulimwita fundi anayefunga resho za gazi mjini, tukaenda naye kwa mama huyo siku ya Jumanne. Tuliketi katika jiko lake asubuhi nzima. Haya ndiyo tuliyoyaona na kujifunza.

Kwanza, itoe chini ya kitanda

Fundi alipoambiwa chupa iko wapi, hakungoja kiti. Aliitoa mara moja, akaisimamisha uani. Kisha akatuuliza: «Wamama wa Goma, ninyi mnaijua mazuku?»

Nani hapa hajui mazuku? Tangu utoto tunaambiwa tusicheze kwenye mashimo na mabonde asubuhi mapema. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kwenye udongo wa volkano, inalala mahali pa chini pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kusikia kitu, na mbuzi au mtoto aliye chini akaanguka hapo hapo.

Fundi alieleza kwamba gazi ya kupikia inatembea kama mazuku. Ndani ya chupa kuna gazi za aina mbili, propani na butani, zimekandamizwa mpaka zikawa maji. Propani ina uzito sawa na gazi ya mazuku: ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa. Butani ni nzito zaidi, karibu mara mbili. Ikivuja, haipandi juu kama moshi. Inamwagika chini, inatambaa kwenye sakafu, inaingia chini ya kitanda, inajaa kwenye shimo, na inangoja.

Tofauti ni mbili. Mazuku haiwaki, gazi ya kupikia inawaka. Na mazuku haina harufu, lakini gazi ya kupikia imetiwa kwa makusudi harufu mbaya kama ya kitunguu kilichooza, ili itupashe habari. Lita moja ya yale maji ya chupa ikitoka inakuwa karibu lita 250 za gazi. Na chumba hakihitaji kujaa: sehemu 2 za gazi katika sehemu 100 za hewa zinatosha kwa cheche moja kulipua.

Kwa hiyo, wamama, kila tunachofanya na gazi tufikiri kwanza habari ya sakafu. Watoto wetu wanalala wapi? Kwenye mkeka, chini. Mama wa Birere alishika kichwa. Wadogo wake wawili walikuwa wamelala siku tisa karibu na chupa ile.

Mahali pa kuiweka

Chupa isimame wima siku zote, hata inapokaribia kuisha. Ukiilaza, maji ya gazi yanaweza kuingia katika tiyo, na moto ukatoka mkubwa ghafula. Sakafu nyingi za kwetu ni mawe ya lava yasiyolingana. Weka ubao mnene au mimina sementi kidogo, chupa isiyumbe.

Chupa isikae katika chumba cha kulala, wala mahali palipo chini kuliko nje. Jiko liwe na mlango au dirisha la kufunguka nje. Tena, toboa tundu chini ya ukuta, sawa na sakafu, ukubwa wa kiganja cha mkono, gazi ipate njia ya kutoka. Lifunike na wavu wa chuma, kwani panya hutafuna tiyo. Tundu la pili liwe juu, kwa ajili ya moshi na mvuke.

Kwenye ukuta wa mbao, nyuma ya resho tuligongomea bati, tukaacha nafasi ya vidole viwili kati yake na mbao. Pazia tuliondoa. Chupa tuliiweka kando, mbali na resho karibu metre moja.

Na mbabula? Wengi wetu tutaendelea kuitumia kwa maharagwe, ili kuokoa gazi. Hakuna ubaya, lakini mbabula iwashwe nje. Usiwashe makala katika chumba chenye chupa ya gazi.

Tiyo, detandere na mipira

Kile kichwa kinachofungwa juu ya chupa, mafundi wanakiita detandere. Kinapunguza nguvu ya gazi kabla ya kufika kwenye resho. Detandere ziko za namna nyingi. Nunua ile inayolingana na chupa yako. Ikiwa inakubali kuingia kwa kulazimishwa tu, si yake.

Tiyo iwe ya gazi, yenye maandishi na tarehe juu yake. Tiyo ya maji haifai: gazi huila taratibu, inapasuka. Isizidi metre moja na nusu, isipite nyuma ya resho penye moto, isikunjwe, isivutwe. Kila upande ibanwe na pete ya chuma yenye skrubu. Kamba, waya na kipande cha mpira wa baiskeli tuviache.

Fundi alipofunga detandere ya mama wa Birere, alitwambia tulete maji yenye sabuni nyingi katika kikombe. Alipaka povu pande zote: juu ya robine ya chupa, kwenye detandere, kwenye tiyo yote, mpaka kwenye resho. Akafungua chupa bila kuwasha moto. Tukainama kutazama. Mahali pengine palitulia. Lakini pale detandere inapokutana na chupa, mapovu yalianza kutoka, madogo, moja baada ya lingine.

Akafunga chupa, akafungua detandere, akatuonyesha mpira wa ndani, mduara mdogo kuliko kifungo cha shati. Ulikuwa umekauka na kupasuka. Akatia mwingine mpya, akapaka sabuni tena. Hakuna povu lililotoka.

Mpira ule bei yake haifiki ya kilo moja ya maharagwe. Na resho ilikuwa mpya, bado katika karato yake. Mwenye duka hakupima, na bwana hakujua kuuliza. Hatusemi hivi kwa kumlaumu mtu. Tunataka kila mama ajue kwamba kitu kipya nacho kinapimwa.

Sabuni ndiyo kipimo. Usipime kamwe na kibiriti wala mshumaa.

Kuwasha na kuzima

Fungua dirisha. Fungua chupa. Washa kibiriti kwanza, kipeleke kwenye resho, kisha ndipo ufungue kifungo cha resho. Ukifungua gazi kwanza na kuanza kutafuta kibiriti, gazi inatangulia kumwagika.

Ukimaliza kupika, funga chupa kwanza, kwa kuzungusha robine upande wa kuume. Moto utazimika wenyewe baada ya gazi iliyobaki katika tiyo kwisha. Ndipo ufunge kifungo cha resho. Usiku, na kila unapotoka kwenda soko, chupa iwe imefungwa.

Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, resho ni chafu au hewa haitoshi. Sugua matundu yake kwa mswaki mkavu, resho ikiwa imepoa. Usiyapanue kwa msumari. Ikiendelea hivyo, mwite fundi.

Tena neno moja juu ya baridi. Sisi tunaokaa karibu na ziwa, chini ya Nyiragongo, tunajua usiku wa mvua. Wengine huingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango ili watoto wapate joto. Makala inayowaka hutoa gazi nyingine ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Inaleta kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika. Kisha usingizi, na wengine hawaamuki. Resho ya gazi katika chumba kilichofungwa inaweza kufanya vilevile. Joto la watoto tulitafute katika blanketi. Mbabula na resho si vya kupasha chumba cha kulala.

Kuitunza

Kila unapobadilisha chupa, paka sabuni tena. Ni kazi ya dakika tano. Tazama tiyo kila juma: ikiwa ngumu, ikiwa na nyufa, au tarehe yake imepita, inunuliwe nyingine. Mara moja kwa mwaka fundi afungue na kusafisha resho.

Dukani, omba chupa iwekwe kwenye mizani. Juu yake pamepigwa mhuri wa uzito wake ikiwa tupu. Toa uzito huo katika uzito wa jumla, nawe utajua umepewa kilo ngapi za gazi. Usikubali gazi ya kumwagwa kutoka chupa kubwa kwenda ndogo kando ya barabara. Anayefanya hivyo anaweza kuijaza kupita kiasi, na chupa isiyo na nafasi ndani ni hatari ikipata joto. Na gazi ikikaribia kuisha, usiweke chupa karibu na moto wala katika maji ya moto ili itoe mabaki.

Ukisikia harufu

Zima moto wowote ulio karibu. Usiwashe taa ya umeme wala usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche. Telefone iache. Funga chupa ikiwa unaifikia. Fungua milango na madirisha, toa watoto, ukianza na wale walio chini kwenye mkeka. Ita majirani nao wazime mbabula zao. Usirudi mpaka harufu iishe, na usiwashe tena kabla ya kupima na sabuni.

Ikiwa moto umeshika penye tiyo, jambo la kwanza ni kufunga chupa, mkono ukiwa umefunikwa na kitambaa kilicholowa maji. Ikiwa huwezi kuifikia, toka na watu wako na upige kelele. Nyumba hujengwa tena. Mafuta yakiwaka katika sufuria, usimwage maji. Funga gazi, funika sufuria.

Mtoto akiungua, mwagilia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na asali tuviache. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.

Kazi ya juma hili

Saa sita mchana mama wa Birere aliwasha resho yake mwenyewe, mikono ikitetemeka kidogo. Alitupikia chai. Kabla ya kutuaga aliita binti yake mkubwa wa miaka kumi na mitatu, ambaye ndiye hupika mama akiwa soko, akamfundisha yote mbele yetu, tangu sabuni mpaka kufunga chupa. Sisi tulikuwa tumesahau mtoto, yeye hakusahau.

Basi, kila mama mwenye gazi, kabla ya mkutano ujao, afanye mambo matatu. Atazame chupa inakaa wapi. Apake sabuni. Afundishe kila anayepika nyumbani, mabwana nao. Ukikuta povu, funga chupa, usipike nayo, uje utwambie. Asiye na feza ya mpira au tiyo asinyamaze kwa haya: sanduku letu la kusaidiana liko kwa mambo kama haya, na tumekubaliana tiyo zitangulie mengine mwezi huu.

Mama wa Birere atakuja na kikombe chake cha sabuni. Amesema atatembelea nyumba yoyote ya mtaa wake itakayomwita.