Walimu wa Sayansi na Medianuwai (3): Maziwa ya Magamba

Maana ya medianuwai na ya ujifunzaji wa kiuchunguzi tulishaimaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo, kwa kuwa habari za walimu wa sayansi wa Handeni na Korogwe kufundwa matumizi ya video na kompyuta darasani zimenichangamsha, naomba niwapandishe mlimani kwanza.

Ukishika barabara ya Mombo, wilayani Korogwe, ukapanda na kuipita Lushoto mjini, utafika Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alisoma kidato cha tatu sekondari ya hapo. Wavulana walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu: wachemshe maziwa, watie sukari, wasubiri yapoe, ndipo wayaingize kwenye friza. Siku moja nafasi iligombewa. Mwenzake aliwahi na maziwa yasiyochemshwa. Mpemba akaona heri friza iharibike kuliko kukosa nafasi, akayatumbukiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likapata la kumtania. Kumbe wauza aiskrimu wa Tanga mjini, wala hawakuwa na cheti cha fizikia, walikuwa wakitia mchanganyiko wa moto kwenye friza kwa makusudi!

Aliyemsikiliza ni Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile huku wenzake wakicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza lipimwe. Fundi wa maabara akaona maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Na wabishane, ndiyo kazi.

Nafasi imeniishia, basi hiyo video ya darasani nitaisema kwa kifupi. Shule isiyo na maabara video inaifaa sana, sibishi. Ila nyingi zina msimulizi anayetoa jibu kabla mtoto hajakuna kichwa, na mwalimu mvivu (tunao, tusifichane) huiacha icheze hadi mwisho, akafuta ubao akatoka. Huyo ni yule mwalimu wa Magamba, kaongezewa umeme tu. Wakufunzi wa Handeni na Korogwe wawazoeze walimu kuisimamisha video kabla ya tokeo, kila mwanafunzi aandike anachotarajia na sababu yake. Kisha wajaribu wenyewe: vikombe viwili, kipimajoto, na simu ya mwalimu irekodi. Tokeo likikataa kufanana na kitabu, rekodi isifutwe. Ioneshwe kipindi kinachofuata, darasa litafute kwa nini.