Ngazi ya Kupanda na Tatizo la Wafanyakazi Kuacha Kazi

Katika kila kiwanda, hospitali, duka au ofisi wapo watu ambao mikono yao ndiyo huigusa kazi yenyewe: anayeendesha mtambo, anayemhudumia mgonjwa, anayepokea fedha dirishani. Aghalabu hao ndio wenye mishahara midogo, na ndio huondoka kwa wingi. Aondokapo mmoja, huondoka pia na ujuzi usioandikwa katika kitabu chochote: mlio wa mtambo unaokaribia kuharibika, au habari za mgonjwa ambaye hana kawaida ya kumaliza dawa zake. Anayechukua nafasi yake huanza upya, na gharama ya kujifunza kwake hulipwa na wote.

Jinsi ya kupima

Kasi ya kuondoka kwa wafanyakazi hupatikana kwa kuigawanya idadi ya walioondoka katika mwaka kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi wa mwaka huo, kisha kuzidisha kwa 100. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 kikipoteza watu 50 kwa mwaka, kasi ni asilimia 25. Kasi hiyo yaweza hata kuzidi asilimia 100, kwa kuwa nafasi moja yaweza kuachwa na watu kadhaa katika mwaka mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1913 katika kiwanda cha magari cha Ford huko Highland Park, Marekani. Mwaka huo magari yalianza kuunganishwa yakiwa yanatembea, na kazi iliyokuwa ya fundi mmoja ikagawanywa katika vipande vidogo vya kurudiwarudiwa kutwa nzima. Kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kudumisha nguvukazi ya watu wapatao 14,000. Kasi ya kuondoka ilifikia asilimia 370.

Hatua mbili zilichukuliwa. Mnamo Oktoba 1913, chini ya usimamizi wa John R. Lee, viwango vya mishahara vilivyokuwa vingi na visivyo na mpango vilipunguzwa na kupangwa upya kwa madaraja ya ujuzi, ili mfanyakazi aliyeonyesha uwezo apande. Wanyapara nao walipokonywa uwezo wa kufukuza watu wapendavyo. Kisha Januari 1914 ikatangazwa kwamba ujira, uliokuwa kama dola 2.34 kwa saa 9, ungefikia dola 5 kwa saa 8, kwa watakaotimiza masharti ya kampuni. Kasi ilishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914 na asilimia 16 mwaka 1915.

Je, ni ngazi ya kupanda au ni fedha iliyowabakiza watu? Hapo mwanafunzi wa sayansi hana budi kuwa na hadhari. Mambo mawili yalibadilishwa karibu wakati mmoja, na la tatu likaongezeka: wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora, na mwenye kazi huogopa kuiacha pale kazi nyingine zinapoadimika. Mfano wa Ford wathibitisha kwamba kasi ya kuondoka yaweza kupunguzwa; hautoshi kuonyesha ni sababu ipi iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Ushahidi kutoka Msumbiji

Mfano ulio karibu zaidi na swali hili watoka Msumbiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 nchi hiyo ilibaki na madaktari wachache mno. Mwaka 1984 ilianza kuwachukua watumishi wa afya wa ngazi ya kati, waliokwisha kupata uzoefu, na kuwafundisha upasuaji kwa miaka 3. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba, miaka 7 baada ya kupangiwa hospitali za wilaya, asilimia 88 ya mafundi hao wa upasuaji walikuwa bado wapo katika hospitali za namna hiyo. Miongoni mwa madaktari waliopangiwa huko, hakubaki hata mmoja. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi asiyeweza kujifungua bila upasuaji, tofauti hiyo ni ya uhai na kifo.

Hata hapa tahadhari yahitajika, kwani makundi hayo mawili hayakuwa sawa. Cheti cha fundi wa upasuaji hakikuwa na thamani kubwa nje ya Msumbiji, ilhali shahada ya daktari yatambulika kwingi. Mchumi Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alitenganisha ujuzi wa jumla, unaofaa popote, na ujuzi maalumu, unaofaa zaidi mahali ulipopatikana. Ujuzi wa jumla humfungulia mtu milango ya nje. Hivyo mafunzo peke yake yaweza kuongeza idadi ya wanaoondoka, iwapo mhitimu akirudi anakuta cheo kilekile, kazi ileile na mshahara uleule.

Sifa za ngazi iliyo imara

Kutokana na hayo, mambo manne hudhihirika. Kwanza, vidato vya ngazi vijulikane tangu siku ya kuajiriwa. Pili, masharti ya kupanda yawe wazi, yapimike, na yasitegemee upendeleo. Tatu, mafunzo yafuatwe na nafasi ya kweli yenye madaraka na malipo, kwani cheo kitupu hutambuliwa upesi. Nne, kupanda kusimlazimishe mtu kukihama kituo chake. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza jambo hili mwaka 2010, liliposhauri kwamba vyeo vya juu viwekwe pia vijijini, ili mtumishi aendelee bila kukimbilia mjini.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Ngazi, hata hivyo, si badala ya mshahara wa haki: asiyeweza kulisha jamaa yake leo hatangoja cheo cha miaka 5 ijayo. Lakini pale mshahara unapotosha kwa maisha, swali linalobaki katika moyo wa mfanyakazi ni moja: je, kesho yake itakuwa tofauti na leo? Taasisi isiyo na jibu la swali hilo itaendelea kuwafundisha kazi wageni kila mwaka.