Neno "alerji" kwenye fishi ya mtoto

Katika vikundi vyetu malalamiko juu ya kwenda kwa muganga ni yale yale. Unatoka nyumbani jua halijachomoza, unalipa fishi, unakaa kwenye benchi mpaka saa sita, na ukiingia, muganga anakupa dakika tano. Ukirudi siku ya randevu, yule aliyekuona hayupo. Mwingine anaanza upya. Na katika hizo dakika tano kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: neno "alerji" lililoandikwa miaka mingi iliyopita.

Kwa wengi hadithi inafanana. Mtoto wa miaka miwili alikuwa na homa, akapewa amoksi, siku ya tatu vipele vikatoka mwili mzima. Muuguzi akaandika kwa wino mwekundu: alerji ya penisilini. Leo mtoto ana miaka 12, amebadilisha fishi mara tatu, na kila mara neno lile linanakiliwa tu.

Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kati ya watu 10 walioandikwa hivyo, karibu 9 wakipimwa vizuri wanaweza kuitumia penisilini bila shida. Mara nyingi vipele vya mtoto vililetwa na virusi vya ugonjwa wenyewe. Kuharisha na kutapika ni madhara ya dawa, si alerji. (Mama zetu wanakumbuka Nivaquine ilivyowawasha ngozi usiku kucha; wengi walijiita watu wa alerji, kumbe dawa ile ndiyo tabia yake.) Tena hata alerji ya kweli inaweza kuisha: baada ya miaka 10, wengi waliokuwa nayo hawana tena.

Kwa nini tusumbuke? Kwa sababu mjamzito mwenye kaswende, sindano ya penisilini ndiyo dawa inayojulikana kumlinda mtoto aliye tumboni. Mtoto wa SS hupewa penisilini kila siku mpaka angalau miaka mitano, ili maambukizi yasimwue. Mtoto ambaye moyo wake uliharibika kwa sababu ya ugonjwa wa koo anahitaji sindano yake kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Neno lisilo la kweli linawanyima hao dawa yao, na mzazi anatumwa kununua nyingine ya bei kubwa, ambayo pengine haifai sawasawa.

Lakini alerji ya kweli ipo, nayo inaua. Mtu aliyevimba midomo au uso, aliyekosa pumzi au kuzimia muda mfupi baada ya dawa, au ambaye ngozi ilibanduka na mdomo ukajaa vidonda, asiguse dawa ile. Na mtu yeyote asijaribu nyumbani, hata kidonge nusu. Kama hadithi ni ya vipele vidogo tu, muganga anaweza kuamua kumpa dozi hospitalini na kumwangalia, dawa ya kumwokoa ikiwa karibu.

Ili afike hapo, anahitaji habari ambazo ni mama peke yake anazo. Ziandike kabla ya kwenda: dawa ilikuwa ipi, mwaka gani, dalili zilitoka baada ya saa au siku ngapi, zilikuwaje, alilazwa au hapana. Kisha jiulize kama mtoto aliwahi tena kunywa amoksi, labda ya kununua famasi, na hakupata kitu. Jibu hilo lina uzito mkubwa, na wengi hawalitaji kwa kuogopa kukaripiwa. Litaje. Anza nalo ukiingia tu, kabla muganga hajashika kalamu. Akisema leo hana nafasi, omba akuandikie siku.

Neno likifutwa, omba lifutwe kila mahali: kwenye fishi ya kituo, ya hospitali, na kwenye kile kikaratasi unachokiweka pamoja na kadi ya chanjo.