Pochi "orijino" kwa elfu sabini? Soma hapa kabla hujatuma hela

Leo naongea na wenzangu tunaouza pochi kwa simu, hasa sisi wa mikoani tunaoagiza Dar bila kuugusa mzigo.

Mwaka wangu wa kwanza wa biashara niliagiza pochi saba za Louis Vuitton kwa mtu niliyempata mtandaoni. Akaniambia ni orijino kabisa, bei ya jumla, elfu sabini moja. Nikatuma 490,000, mzigo ukaja Tabora kwa basi. Nikaposti, nikaandika "orijino", siku hiyohiyo zikatoka tatu kwa 120,000 kila moja.

Moja aliichukua mwalimu wa Kanyenye, ampelekee wifi yake zawadi. Wiki ya tatu akairudisha, mkanda unabanduka kama ganda la kitunguu. Akaniambia, "Mdogo wangu, sijafuata hela. Nataka uniambie kama ulijua." Sikuwa najua. Lakini nilikuwa nimeandika orijino kwa mkono wangu. Nikawarudishia wote watatu hela zao.

Sasa twende kwenye somo. Nachukua mfano wa Louis Vuitton kwa sababu ndiyo niliyopigwa nayo.

1. Bei na chimbuko. Hawa wanauza kwenye maduka yao wenyewe na tovuti yao. Hawauzi jumla kwa wachuuzi na hawana punguzo la bei. Pochi yao mpya ni mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo ukiambiwa "orijino, mpya, bei ya jumla", ishia hapohapo. Mimi ningeishia hapo nisingepoteza hata mia. Kwenye mitumba ya kweli inaweza kutokea, ndiyo maana ujue na dalili nyingine.

2. Mshono. Nyuzi zilingane urefu na nafasi, kushoto kama kulia. Nyuzi zinazoning'inia au mshono uliopinda, achana nayo.

3. Vyuma. Shika zipu na pete za mkanda. Vya kweli vina uzito na maandishi yamechongwa. Vya feki ni vyepesi, na rangi ya dhahabu inatoka ukikwangua kidogo kwa ukucha.

4. Herufi. Kwenye muhuri wa jina, herufi O ni duara kamili na mkia wa L ni mfupi. Kopi nyingi O yake imerefuka kama yai.

5. Ngozi. Mishikio ya pochi zao nyingi ni ngozi ya rangi hafifu ambayo kadiri inavyotumika inakolea, inakuwa kama asali yetu ya Tabora. Plastiki haikolei, inachafuka tu na kubanduka. Na nusa: harufu kali ya gundi ni dalili mbaya.

6. Namba na kadi. Hapa ndipo wengi tunaingia mkenge. Louis Vuitton haitoi kadi ya kuthibitisha uhalisia, kwa hiyo muuzaji akikutambia kadi, ongeza shaka. Namba ya ndani nayo si ushahidi, wanaoghushi wanaigonga pia. Tangu 2021 pochi zao mpya zinawekewa chipu ndani badala ya ile namba.

7. Muuzaji. Mwombe video ya mchana, pochi ileile, pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Agiza moja kwanza. Akianza kukuharakisha "zinaisha, tuma sasa", muache.

Kughushi si jambo la leo. Ile michoro ya herufi LV kwenye turubai lao ilibuniwa 1896, sababu mojawapo ikiwa ni kuwazuia waigaji. Na mteja wa huku kwetu kuchagua mali hakuanza jana. Stanley alipojiandaa na safari ya 1871, ile iliyompitisha hapa Tabora kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, alihangaika sana kuchagua shanga za kubeba, maana kila watu walikuwa na aina yao wanayoitaka. Ukibeba isiyotakiwa, umebebesha wapagazi mzigo wa bure.

Na kuna sheria. Chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa, hata kuiweka dukani kwa ajili ya kuuza. Tume ya Ushindani, FCC, inakamata mizigo ya namna hiyo na kuiteketeza. Kwa hiyo kuandika "kopi kali" badala ya "orijino" hakukuokoi. Kujitetea kwamba na wewe ulidanganywa ni kugumu kama hukuchukua tahadhari yoyote.

Zile nne zilizobaki sikuziuza. Ziko chini ya kaunta, nikipata mzigo wa mtumba wenye jina kubwa nazitoa nafananisha.

Siku hizi nauza zaidi pochi zisizo na jina la mtu. Naandika ni plastiki kama ni plastiki, ni ngozi kama ni ngozi. Faida ni ndogo kwa kila moja, lakini hairudi. Yule mwalimu alikaa karibu mwaka mzima bila kununua kwangu. Aliporudi alichagua pochi nyeusi ya 35,000, akanyoosha mshono kwa kidole, akauliza, "Hii ni nini?" Nikamjibu, "Plastiki, mwalimu." Akalipa.

Mtumie mwenzako anayeagiza mzigo wiki hii.