Pesa ya Kikundi Ndani ya Simu: Ni Nani Anayeiona?

Safari hii tunataka tuongee juu ya simu ya mkononi. Hatuulizi kama simu ni nzuri au mbaya. Hilo limekwisha, simu iko, na hata mchungaji wa mbuzi siku hizi anatafuta mahali pa kuchajisha. Swali letu ni moja tu: pesa ya kikundi ikiingia ndani ya simu, ni nani anayeiona?

TULIVYOKUWA TUKIHESABU

Vikundi vingi vya akiba vilianza na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa watu watatu, na sanduku likakaa kwa mtu wa nne. Halikufunguliwa mpaka wote wawepo. Pesa ilimwagwa katikati ya watu, ikahesabiwa kwa sauti, ikarudishwa. Mama ambaye hakuingia hata darasa la kwanza alijua kikundi kina shilingi ngapi, kwa sababu aliona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake.

Huo ndio uliokuwa ulinzi wenyewe. Sanduku linaweza kuvunjwa kwa nyundo. Lakini hesabu iliyo kichwani mwa watu ishirini, nani ataiiba?

Chakula cha msaada nacho kilikuwa hivyo. Gunia lilifunguliwa chini ya mti, kipimo kikaonekana, kila mtu akaona jirani amepata nini. Kelele zilikuwepo na aibu pia, lakini mambo yalikuwa wazi.

Halafu mabadiliko yakaja hatua kwa hatua. Mwaka 2009 mpango wa HSNP ulianza kulipa jamaa maskini pesa taslimu hapa Turkana, na pia Marsabit, Wajir na Mandera, kwa kutumia kadi na alama ya kidole. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Bamba Chakula kambini Kakuma: sehemu ya mgao ikawa pesa inayoingia kwa simu, mkimbizi akainunulia chakula katika maduka yaliyochaguliwa, yakiwemo ya wenyeji. Faida ilionekana. Mtu alijichagulia anachotaka kupika, na wenye maduka wakapata wateja. Lakini kitu kilichokuwa mbele ya macho ya wote sasa kiko kwa mtu mmoja na kioo cha simu yake.

Hapo ndipo simu na redio zinapoachana. Radio Akicha ya Jimbo Katoliki la Lodwar ikitangaza jambo, au Ata Nayeche ya Kakuma, wote walio karibu wanasikia pamoja na kubishana papo hapo. Ujumbe wa simu unamwambia mmoja. Akinyamaza, wengine hawajui kitu.

M-PESA ILIANZIA KWA VIKUNDI

Wengi hawajui kwamba M-Pesa ilijaribiwa kwanza kwa watu wa vikundi. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walifanya majaribio Nairobi na Thika pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya. Lengo lilikuwa wanavikundi walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaipeleka mahali pengine: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakalipana katika biashara, wakawatumia jamaa walio mbali. Safaricom ilipoifungua kwa nchi nzima Machi 2007, mkopo wa kikundi haukuwa tena mbele. Watu waliitwa watume pesa nyumbani.

Kwa hiyo laini ya kawaida ya M-Pesa imetengenezewa mtu mmoja: kitambulisho kimoja, namba ya siri moja. Ina kufuli moja tu. Si kosa lake, kwa maana haikukusudiwa iwe sanduku la kikundi. Tukiitumia kama sanduku, ni juu yetu kuziongeza zile kufuli mbili zilizokosekana.

MASHIMO MANNE

1. Laini ni ya mtu. Imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akifariki, pesa iliyomo inahesabiwa kuwa yake, na watu wa nyumbani kwake ndio wa kwanza kuidai. Bila maandishi, kikundi kitaonyesha nini?

2. Deni linalojilipa. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humruhusu mtu kutumia pesa kuliko salio lake. Baadaye pesa yoyote ikiingia, deni hukatwa lenyewe. Sasa fikiria mweka hazina ana deni la Fuliza kwa laini yake, na wewe unamtumia mchango wako wa shilingi 100 kwa laini hiyo hiyo. Mchango unamezwa kabla hata hajasoma ujumbe. Hakukusudia kuiba, lakini pesa ya kikundi imelipa deni lake.

3. Namba ya siri isiyo siri. Wazee wengi humpa mjukuu namba, au humtajia ajenti mbele ya watu. Kwa laini ya kikundi, jambo hilo ni sawa na kuacha ufunguo mlangoni.

4. Ujumbe wa uongo. Tapeli hutuma ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, halafu anapiga simu kwa haraka: "Mama, nimetuma kimakosa, nirudishie." Ujumbe si pesa! Angalia salio kwanza. Salio likiwa halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Na aliyekosea kweli ataomba kampuni yenyewe imrudishie. Hana haja ya kukukimbiza.

MFANO WA HESABU

Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Kila mkutano ni shilingi 2,000. Baada ya mikutano minne ni shilingi 8,000. Mwanachama mmoja amekopeshwa 3,000 anunue majani ya mkoma ya kusukia vikapu. Inapaswa kubaki 5,000. Simu inasema 4,870.

Zile 130 zimeenda wapi? Labda 30 ni gharama za kutuma, na mtu mmoja hakutoa 100 yake. Si lazima uwe wizi. Lakini shilingi 130 ukiiuliza leo ni hesabu. Ukingoja mpaka Desemba, siku ya kugawana, ni kesi kwa chifu. Na vikundi vingi huvunjika kwa kesi ndogo kama hizo, si kwa wizi mkubwa.

KUFULI TATU ZA SIMU

Kufuli ya kwanza: laini ya kikundi peke yake. Isiwe laini ya mweka hazina ya kila siku. Mkutano umchague mwanachama atakayeisajili kwa jina lake, na iandikwe katika kumbukumbu kwamba pesa iliyomo ni ya kikundi. Yeye atie sahihi au kidole gumba, na mtu mmoja wa nyumbani kwake awe shahidi. Laini hiyo isikope kamwe.

Kufuli ya pili: watu wawili. Mwenye kitambulisho ashike namba ya siri, na simu ikae kwa mwingine. Hapo hakuna anayeweza kutuma pesa peke yake. Na je, mwenye kitambulisho akienda kuomba kadi mpya ya laini kwa siri? Kadi ya zamani itakufa ndani ya simu, na mwenye simu atajua siku hiyo hiyo.

Kufuli ya tatu: kusoma kwa sauti. Katika kila mkutano ujumbe wote ulioingia na uliotoka usomwe mmoja mmoja, na katibu aandike katika daftari. Mwisho liangaliwe salio. Msomaji awe kijana asiye wa nyumba ya mweka hazina. Kwa wale wasiosoma, tumieni kokoto: kokoto moja kwa kila shilingi 500. Kokoto 16 ni shilingi 8,000. Mkopo wa 3,000 ukitoka, ondoeni kokoto sita mbele ya watu wote. Zile kumi zilizobaki kila mama ataenda nazo nyumbani kichwani.

Juu ya haya yote, simu iwe njia, isiwe ghala. Pesa ikifika kiasi mlichokubaliana, ipelekeni benki Lodwar au Kakuma, katika akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Benki itataka cheti cha kusajiliwa kwa kikundi. Anzeni na ofisi ya maendeleo ya jamii. Nauli ni ghali, tunajua. Kwa hiyo mtu akiwa na safari yake ya hospitali au soko, atumwe na mwenzake mmoja.

Hata makampuni yamelielewa jambo hili. Nchini Tanzania mwaka 2019 Vodacom na benki ya TPB walianzisha M-Koba, huduma ya simu kwa vikundi, ambamo mwanachama anapata habari ya pesa inayoingia na kutoka, na mmoja hawezi kuitoa bila wengine kukubali. Ni lile sanduku la kufuli tatu limerudi, ila limevaa nguo mpya.

MKUTANO USIFE

Kuna wanachama wanaosema, "Si nimetuma kwa simu? Kuja kufanya nini?" Hebu tuwajibu kwa upole. Mchango unaweza kusafiri peke yake, lakini mengine hayasafiri. Ni mkutanoni tunapojua kwamba mbuzi wa fulani wamekufa kwa ukame, kwamba mtoto wa fulani amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Aliye mbali na mifugo au kazini Kitale, atume. Aliye karibu, atume akitaka, lakini aje.

SI KUMSHUKU MTU

Mweka hazina mwingine atasema, "Kumbe hamniamini!" Mwambieni hapana. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, hakutaka uchukuliwe na mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu (someni 2 Wakorintho, sura ya 8). Paulo hakuwa mwizi, wala Tito. Mwaminifu ndiye anayehitaji mashahidi kuliko wote, kwa sababu siku pesa ikipungua, mashahidi ndio watakaomtetea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Leo hii, bila kumwuliza mweka hazina, ni wanachama wangapi wanajua kikundi kina shilingi ngapi?
2. Laini tunayotumia imesajiliwa kwa jina la nani? Inadaiwa?
3. Huyo mtu akifariki usiku wa leo, tuna karatasi gani mkononi?
4. Ni nani kati yetu haelewi ujumbe wa simu, na tutamwonyesha pesa yake kwa njia gani?

Jibuni swali la kwanza kabla ya kuchukua mchango wa wiki hii.